Aliyelikunja Bamba la Bwawa

Yah: Utambuzi wa Mtu Mmoja (1) Aliyekunja Bamba la Chuma la Lango la Bwawa, kwa Ajili ya Mgao wa Banda la Daraja la Kwanza.

Kichwa cha barua ndicho hicho, enyi mliokaa. Mwenye mahali pa kuegemea aegemee, na mwenye haraka ya kuhukumu aikalie kwanza. Barua yenyewe ilikuwa fupi kuliko kichwa chake, na aliyeiandika hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu, ila hesabu yake iliishia kwenye moja, na hadithi hii ni ya watu watatu.

Watatu hao walifanya kazi katika mji mmoja wa reli, ambao hautatajwa hapa kwa sababu miji mingine mingi itajiona imesemwa. Nyuma ya stesheni palikuwa na karakana ya ushirika: paa moja la bati, sakafu moja ya udongo ulioshiba oili, mita moja ya umeme ambayo kila mtu alidai mwenzake ndiye anayeila, na presi moja. Mafundi wa madirisha walikuwa humo, wa milango, wa majiko, wa matoroli. Lakini likija bamba nene la chuma, nene kama kidole gumba cha mwanamume, linalotakiwa kukunjwa kwa pembe kamili isiyozidi wala kupungua, waliitwa hao watatu.

Wa kwanza ni Milembe, aliyepewa jicho. Alifika karakanani akiwauzia mafundi uji, akabaki kwa sababu hakuweza kuvumilia mistari yao. Akikoroga sufuria alikuwa akisema tu, "Kaka, hapo umepinda." Siku moja fundi aliyechoka kuambiwa alimrushia chaki: "Haya, chora wewe." Akachora. Uji ukapoa, na kuanzia hapo mwenye njaa akawa anakula kwingine. Chuma, mjue, kiwandani hupitishwa katikati ya magurudumu mazito, kama donge la chapati chini ya mti wa kusukumia, na hutoka na mkondo wake kama ubao. Ukikikunja kwa kuukata mkondo, kitavumilia. Ukikikunja kwa kuufuata, kitapasuka mgongoni. Mtu wa kawaida haoni kitu hapo. Milembe alilimwagia bamba maji, akainamisha shingo, akasema, "Unakwenda hivi," kisha akapiga mstari, na mstari wake haukuwahi kuhamishwa.

Wa pili ni Lugembe, aliyepewa moto. Alikuwa kijana bado, msemaji, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeungua hata havikunjiki, jambo ambalo wenzake waliona linamfaa mtu wa kazi ile na hawakuchoka kumwambia. Bamba nene halikubali likiwa baridi, si kwa jeki za watu maskini. Lazima lipashwe mstari mzima, kutoka ukingo hadi ukingo, liwe na rangi moja, rangi ya tofali lililoiva vizuri. Rangi ikififia upande mmoja, upande huo utagoma. Ikizidi, chuma kitalegea na kukonda kama nguo iliyofuliwa sana. Wengine walipasha chuma. Lugembe alikibembeleza, akakitukana, akakiuliza habari za mama yake, na kikaiva sawasawa.

Wa tatu ni Mzee Sizya, aliyepewa mkono. Presi aliijenga mwenyewe kwa vipande vya reli kuukuu na jeki mbili za lori, na hapakuwa na mwingine aliyejua tabia zake. Chuma kikikunjwa hakisahau kilikotoka. Ukikiachia, hurudi nyuma kidogo, kama mjumbe aliyeinua mkono kikaoni kwa kulazimishwa. Basi lazima ukipitishe mbele ya pembe unayoitaka, kwa kiasi kile kile kitakachorudi, ili kikirudi kiishie panapotakiwa. Kiasi hicho hubadilika kwa kila bamba na kwa kila joto. Mzee Sizya alikisikia kwenye mpini wa jeki. Kijana mmoja aliwahi kumuuliza kwa nini asikinyooshe kwa nyundo kikikosea. Akamjibu, "Mtoto akikosea kusoma utamnyoosha kwa nyundo?" Yule kijana akaenda kutengeneza matoroli.

Karakana ile ilikuwa na adabu mbili za bamba nene. Ya kwanza, likiwekwa kwenye presi, mashine zote huzimwa na midomo yote hufungwa mpaka Mzee Sizya aachie mpini. Ya pili, hakuna anayesema "nimelikunja." Likitoka zuri, husemwa, "Limekubali." Likiharibika, husemwa, "Limekataa." Basi. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kujisifu wala kulaumiwa, na kwa hiyo hakuna aliyejua, hata wao wenyewe, ni nani hasa aliyekuwa akilikunja.

Ikawa serikali ya mji imeamua kwamba nyuma ya stesheni patengenezwe bustani ya mapumziko. Karakana iondoke, watu wapate pa kupumzika. Mafundi walijengewa mabanda mapya nje ya mji, yakagawanywa kwa fani: madirisha, milango, majiko, matoroli. Fani ya kukunja mabamba haikuwamo. Afisa aliyesimamia mgao, Bwana Mwombeki, mtu mpole aliyefuta kiti kwa leso kabla ya kukaa na baada ya kuinuka, aliitafuta kwa dhati.

"Nimeangalia kwenye mfumo," alisema. "Kuna kukunja nguo. Hiyo ni ya madobi."

"Tuandike madobi, basi," alisema Lugembe. "Hata sisi tunapiga pasi, ila ya moto kidogo."

Bwana Mwombeki alicheka, lakini hakuandika. Lilikuwa limebaki banda moja.

Milembe hakucheka. Alijua wanaume wale wawili wana pa kwenda, hata kama ni pabaya. Mzee Sizya alikuwa na mdogo wake kwenye mashamba ya tumbaku, ambaye alimkaribisha kila mwaka kwa sauti ya mtu anayeomba asije. Lugembe alikuwa na nguvu za kubeba mizigo, japo mkono mmoja haukushika vizuri. Milembe alikuwa na sufuria yake ya uji tu. Ilikuwa bado chini ya kitanda chake, na hapakuwa na kitu alichokiogopa duniani kama siku ya kuinama kuitoa. Angeketi tena kwenye lango la karakana ya watu wengine, akiwapimia uji kwa kikombe, akiwaona wakichora mistari mibaya.

Katika kiangazi cha mwaka huo ndipo lango la bwawa la mji lilipoachia. Bamba la chini, lile linalokaa kwenye pembe ya zege ambapo lango hufungia, lilikuwa limeliwa na kutu, na maji yakawa yanatoka usiku na mchana kwenda kumwagilia vichaka ambavyo havikuomba. Mvua zilikuwa mbali. Bwawa likikauka, mji mzima ungekunywa matope. Halmashauri ilipata bamba jipya, moja tu, kutoka kwenye mabaki ya daraja. La pili halikuwapo na lisingepatikana. Bwana Mwombeki akalileta karakanani mwenyewe, ameketi mbele kwenye trekta kama bwana harusi.

"Habari njema," alisema. "Mkurugenzi ametamka. Atakayelikunja bamba hili bila kasoro, lile banda la mwisho ni lake."

Wote watatu walifurahi. Si kwamba hawakusikia lile neno "lake." Walilisikia kama watu wanavyosikia kengele ya shule ambayo hawasomi.

Na pembe ya zege haikuwa nyuzi tisini. Mchoro ulisema tisini, lakini injinia wa halmashauri mwenyewe alishawatahadharisha kwamba mchoro ni matumaini tu. Mvua iliwahi kunyesha zege lilipokuwa bichi, mbao zikasogea, na pembe ikaganda jinsi ilivyotaka. Bamba lilitakiwa likae humo bila kuacha upenyo wa kupitisha ukucha.

Sasa sikilizeni kazi ilivyofanyika, na kila mtu ahesabu mwenyewe.

Milembe alitembea mpaka bwawani na kipande cha bati jembamba. Akashuka kwenye tope, akalikandamiza bati kwenye pembe ya zege kwa viganja, akalikata, akalikandamiza tena, mpaka likawa sura ya ile pembe. Aliporudi, bamba lilikuwa limelazwa chini, na watu wa daraja walikuwa wamelikata umbo ambalo lilitaka mkunjo upite kwa urefu. Akalimwagia maji. Akainama. Mkondo wa chuma nao ulikwenda kwa urefu. Lingekunjwa hivyo, lingefunguka mgongo kama ganda la karanga. Alikaa juu ya ndoo muda mrefu, hata Lugembe akamuuliza kama anaumwa. Kisha akaona kwamba, kwa kuwa pembe ya zege ilikuwa imepinda, bamba lingeweza kuzungushwa kidogo, mstari ukapita kwa mshazari, ukaukata mkondo, na bado pande zote mbili zikafika zilipotakiwa kufika. Alipiga mstari huo. Kama si hivyo, bamba lingepasuka.

Lugembe akawasha gesi. Alianza katikati akaenda pembeni, akarudi, akaenda, huku akiliambia bamba maneno ambayo Milembe alijifanya hayasikii. Lilipofika wekundu wa kwanza, mtungi ukakohoa na kuisha. Mtungi mwingine haukuwapo mjini. Bamba likipoa likiwa limeiva nusu na kupashwa tena siku nyingine, huwa gumu katika vipande na laini katika vipande, na hapo hakuna presi itakayolisaidia. Lugembe aliruka. Alipanga matofali mistari miwili, akamimina mkaa wote wa mafundi wa majiko bila kuwaomba, akachomoa feni iliyokuwa ikimpepea mwenyekiti wa ushirika, Bwana Ntandu, akaielekeza kwenye mkaa. Kisha akatambaa kando ya ule mfereji wa moto, akisogeza makaa kwa koleo, hapa punguza, pale ongeza, uso umekauka kama ngozi ya ngoma, mpaka mstari mzima ukawa rangi ya tofali kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama si hivyo, bamba lingegoma.

Mashine zikazimwa. Bamba likaingizwa kwenye presi, na Mzee Sizya akashika mpini. Likaanza kushuka. Likafika nusu ya safari, na jeki ya kushoto ikaanza kuvuja, ikashindwa kushikilia. Upande mmoja ukawa unasukumwa, mwingine unabaki, na bamba likaanza kujinyonga kama mtu anayegeukia kelele. Mzee aliichomoa jeki mbovu, akaweka gogo la reli mahali pake, akaisukuma ile nzima kidogo upande wa kulia, akaihamishia kushoto na kuacha gogo mahali pake, kidogo, akairudisha kulia, kila mara akiweka sikio lake kwenye fremu, huku wekundu ukififia na muda ukienda nao. Akaipita pembe ya bati la Milembe. Watu waliona ameipita na wakashika vichwa. Akasimama hapo alipoona panatosha, akaachia. Chuma kikarudi kidogo, taratibu, kikatulia. Kama si hivyo, lingetoka limepinda kama sikio.

Milembe akaleta lile bati lake, akaliweka ndani ya mkunjo. Halikucheza. Alijaribu kupenyeza ukucha, ukakataa.

"Limekubali," alisema Mzee Sizya.

Bamba likapelekwa bwawani, likawekwa, lango likafungwa, na maji yakasimama. Wiki hiyo mji ulioga. Bwana Mwombeki aliwashukuru kwa niaba ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi kwa niaba ya wananchi, na baada ya shukrani kushuka ngazi zote hizo ikaja ile barua.

Milembe ndiye aliyeisoma kwa sauti. Alipofika kwenye mabano yenye moja, alisita.

"Bwana Afisa," alisema, "sisi tuko watatu."

"Ninaona," alisema Bwana Mwombeki. "Lakini mfumo unasoma mmoja. Daraja la Kwanza ni mjasiriamali mmoja, asiye na mwajiriwa wala mbia. Waliotangulia walikuwa wakipangishana, ndiyo maana."

"Tuandike kikundi."

"Kikundi gani? Vijana mwisho ni miaka thelathini na mitano." Alimtazama Mzee Sizya, ambaye alitazama pembeni kwa heshima. "Kikundi cha wanawake, wewe dada unafaa kabisa. Hawa wenzako ndio wana upungufu."

Lugembe akanyoosha vidole vyake viwili. "Basi kikundi cha walemavu."

Bwana Mwombeki aliviangalia kwa makini na kwa huruma ya kweli. "Havijafikia kiwango," alisema. "Na mzee je? Na dada?"

"Subiri kidogo," alisema Lugembe. "Ukitutenganisha, sote tutafikia kiwango."

"Ndugu zangu, mimi nataka kuwasaidia. Mniambie tu nani aliyelikunja."

"Lilikubali tu," alisema Mzee Sizya.

"Nimeelewa, mzee wangu. Kwa nani?"

Aliwapa hadi Ijumaa. Wasipomtaja mtu, banda lingerudi kwenye mfuko wa mabanda na kupangiwa fani nyingine. Jina liandikwe mlangoni, alisema, lipigwe picha, picha iingizwe kwenye mfumo. Kisha akaifuta ile ndoo aliyokuwa ameikalia, akaondoka.

Siku mbili hawakulizungumza. Walifanya kazi ndogondogo wakisalimiana kwa adabu iliyozidi, kama watu wa misibani. Siku ya tatu Lugembe aliweka koleo lake chini.

"Nimelikunja mimi," alisema.

Mashine zikazimika moja baada ya nyingine, kama zilivyokuwa zikizimwa kwa bamba, ingawa kwenye presi hapakuwa na kitu.

"Msinitazame hivyo. Mtu mmoja lazima aseme. Mstari haukunji chuma. Presi haikunji chuma baridi. Kilikunjika kwa sababu kilikuwa chekundu, na ule wekundu nimeutoa kwenye matofali na mkaa wa kuiba. Mzee, nakuheshimu kama baba. Lakini nikiondoka hapa nakwenda kubeba magunia na mkono mmoja."

"Kilikuwa chekundu, ni kweli," alisema Mzee Sizya. "Na kilikuwa kimelala palepale. Chuma chekundu kilicholala kinaitwaje, kijana? Kinaitwa jiko. Nani alikiinua? Hii presi nimeijenga mimi, reli nimezibeba kwa bega hili. Unataka nikaivunie tumbaku?"

Milembe alikuwa ameazimia kunyamaza. Akasikia sauti yake.

"Mngekunja pale palipokatwa na watu wa daraja, mngekuwa na vipande viwili. Vizuri sana. Kimoja kila mtu."

"Ahaa," alisema Lugembe. "Kumbe na wewe, dada."

"Na mimi nini?"

"Nilidhani wewe ungesema limekubali."

Jambo lililomuuma Milembe si maneno ya Lugembe. Ni kwamba alipotamka yale yake alihisi utamu wake, kama mtu anayeonja chumvi baada ya kufunga muda mrefu.

Bwana Ntandu, mwenyekiti, aliyekuwa na kipaji cha kuahirisha, safari hii alishindwa kuahirisha Ijumaa. Akaitisha wanachama wote. Mafundi wa majiko wakawa upande wa Lugembe, maana mkaa ulioibwa ulikuwa wao na walitaka uwe umefanya kazi ya maana. Mafundi wa milango wakawa upande wa mzee: bila presi hakuna mkunjo, hilo hata mtoto analijua. Wa madirisha wakawa upande wa Milembe, kwa hoja kwamba kosa la moto hurekebishika na kosa la presi huenda likarekebishika, lakini kosa la mstari ni la milele. Mtu mmoja wa matoroli alishauri wapige kura ya vijiti. Mzee Sizya akamwambia vijiti havijui kazi, na yule akakaa. Walibishana mpaka sauti zikawakauka, na kila aliyesimama alikuwa na haki, jambo ambalo ni baya kuliko wote kuwa na kosa.

Mwishowe Mzee Sizya aliinua mkono.

"Mpeni Milembe chaki," alisema. "Aende akaandike jina mlangoni. Atakalolipiga, limepigwa."

"Naye yumo, mzee," alisema Bwana Ntandu. "Mtu ajihukumu mwenyewe?"

"Bwawani hakuwamo? Angeweza kupima ovyo, akasingizia moto au jeki. Alipima sawa."

Watu wakamgeukia Lugembe. Alivisugua vile vidole vyake visivyokunjika.

"Mstari wa dada haujawahi kuhamishwa," alisema. "Mpeni."

Hivyo ndivyo Milembe alivyojikuta asubuhi ya Ijumaa mbele ya mlango mpya wa chuma, uliopakwa rangi ya kijivu, kwenye uwanja usio na mti hata mmoja. Bwana Mwombeki alikuwa pembeni na simu yake ya kupigia picha, akitafuta mahali ambapo jua lisingeharibu. Mzee Sizya na Lugembe walisimama nyuma kidogo, karibu karibu, bila kuzungumza. Presi ilikuwa imeshaletwa na trekta, ikasubiri juani, kwa sababu kwenye makabidhiano iliandikwa kuwa ni "kifaa cha banda," na ingekwenda kwa mwenye banda, awe nani.

Aliinua chaki. Aliuona mlango kama alivyoyaona mabamba yote, akaona kitakachotoka.

Akiandika Sizya, mzee atakuwa na presi yake na uzee wake chini ya paa, hatavuna tumbaku ya mtu anayemchukia. Lakini atasukuma nini? Bamba likija bila mstari na bila moto, atalitazama tu. Akiandika Lugembe, yule kijana atawasha moto mzuri kuliko wote, akipashe chuma mpaka kiive, na kitaiva, kitapoa. Akiandika Milembe, sufuria itabaki chini ya kitanda. Atapiga mstari uliokamilika juu ya bamba, na bamba litabaki limenyooka, na mstari juu yake.

Kila jina alilolifikiria lilikuwa theluthi ya fundi. Na banda lilitaka fundi mzima, mmoja, kwenye mabano.

Akafikiria kuandika yote matatu. Bwana Mwombeki, ambaye alikuwa amezoea watu, alimwona akiupima upana wa mlango kwa macho, akasema kwa upole, "Dada, likizidi moja picha itakataliwa. Si na mimi. Na mashine."

Akafikiria kutoandika kitu. Lakini hapo banda lingekwenda kwa fani nyingine, na wote watatu wangetoka mikono mitupu kwa usawa, na kuna watu wanaouita usawa wa namna hiyo haki. Yeye hakuwa mmoja wao.

"Mwanangu," alisema Mzee Sizya nyuma yake, "jua linapanda. Piga tu."

Basi, enyi mliokaa, hapo ndipo chaki iliposimama. Mstari ulizuia bamba lisipasuke. Moto ulizuia lisigome. Mkono ulizuia lisipinde. Kila mmoja alipoondolewa kwenye hesabu, hapakubaki bamba. Wawili walimpa wa tatu mamlaka ya kuwahukumu, wakijua kwamba na yeye ana njaa, kwa sababu hakuwahi kuwadanganya. Msinijibu kwamba mfumo ni mbovu. Hilo wanalijua hata walioutengeneza, na mlango bado uko mbele yenu, na jua linapanda. Mwenye kumtetea mzee amtetee, mwenye kumtetea kijana amtetee, mwenye kumtetea yule dada na aseme bila kuona haya. Banda lilistahili kuwa la nani? Na kama chaki ile ingekuwa kati ya vidole vyako, na wenzako wamesimama nyuma yako, wewe ungeandika jina gani?

Milembe aliandika Milembe. Picha ilikubaliwa. Mzee Sizya alikwenda kwa mdogo wake kabla ya mvua, na Lugembe anapakia magunia stesheni. Mabamba manene ya mji ule sasa hukunjwa mji mwingine na kuletwa kwa treni.